Miezi Mitano ya Kashuga

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ile ya arobaini, nilisimamishwa mbele ya meza ya Pasta wa Seksio pale Masisi nikaambiwa nisome kitabu cha Ufunuo kwa sauti, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuketi. Ninyi vijana mnaosoma mstari mmoja kisha mnauhubiri saa mbili, jaribuni siku moja. Nilianza umande ukiwa bado kwenye majani, nikamaliza jua limepanda na koo limekauka.

Pasta wa Seksio ndiye aliyekuwa mkubwa wa makanisa yote ya upande wetu, na sisi wainjilisti tulikuwa chini yake. Alikuwa mwenyeji wa Masisi, mtu mfupi, mwenye tabia ya kusikiliza akiwa amefumba macho. Nilipofunga kitabu aliyafumbua.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia joka, Pasta. Na wanyama, na moto."

"Sikukuuliza umeogopa nini. Iko barua ile. Ilitumwa kwa batu gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimeisoma asubuhi nzima na sikujua. Akanirudisha mwanzoni, kwenye yale makanisa saba, akanionyesha kwamba wale watu walikuwa wanafungwa na kuuawa, na kwamba barua haikuandikwa kuwatisha bali kuwashika mkono. Hapo ndipo nilipoanza kufundishwa kazi ya ufasiri, yaani kueleza maana ya unabii.

Kazi hiyo ina vyombo vyake kama useremala. Chombo kikubwa ni marejeo, zile namba ndogo za pembeni mwa ukurasa zinazokupeleka kwenye andiko jingine. Ukikutana na nzige katika Ufunuo, usikimbilie kutafuta nzige shambani. Fuata marejeo, utawakuta katika Kutoka na katika Yoeli. Wanyama nao wametoka kwa Danieli. Tena kuna hesabu. Saba ni ukamilifu, kumi na mbili ni watu wa Mungu, na Pasta alikuwa akisema kwamba hesabu za unabii ni za kupima uzito wa jambo, si za kupanga nazo safari. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, nasema bila kuona haya. Katika wainjilisti wote wa seksio hakuna aliyenipita kwa marejeo, na niliweza kuyataja nikiwa nalima.

Nikapewa Kashuga. Ni kijiji cha wakulima, watu wa milimani wenye maharage na mihogo, Wakristo tangu wazazi wao. Walinijengea nyumba kabla sijafika, wakaniita Mwalimu. Walinipenda upesi, na mimi nikapenda kupendwa. Jumapili kanisa lilijaa hadi watu wakaketi nje, kwa sababu habari ya Ufunuo ilitembea, na mimi nilijua kuisimulia.

Kisha, mwaka wa pili, mlima wa moto wa upande wa mashariki ukapasuka. Ilikuwa mwezi wa tano. Mchana jua lilikuwa jekundu kama liko nyuma ya kitambaa, na majivu yalianguka juu ya maharage mpaka akina mama wakawa wanakung'uta majani kwa mikono. Kila mtu aliniangalia mimi. Jumapili hiyo nikafungua sura ya tisa: shimo limefunguliwa, moshi unapanda kama wa tanuru kubwa, jua linatiwa giza, na mateso ni ya miezi mitano.

Sikusema kwamba mwisho umefika. Nataka mlisikie hilo vizuri, kwa sababu kwa muda mrefu nilijitetea nalo. Nilisimulia sura, nikanyoosha kidole kwenye mlango ambako majivu yalikuwa yanaanguka, nikasema, "Miezi mitano, ndugu zangu. Hesabuni wenyewe." Nikafunga kitabu. Kanisa likanyamaza kabisa, na ule unyamavu ulinipendeza kuliko wimbo wowote.

Walihesabu. Watu wa Kashuga si wajinga wa miezi. Mwezi wa tano majivu. Miezi mitano inaishia mwezi wa kumi. Na maharage ya mvua za mwezi wa tisa hayavunwi kabla ya mwezi wa kumi na mbili.

Mimi sikuona kitu. Niliona tu kwamba watu wanasali zaidi, wenye ugomvi wanapatana, na mbuzi wanachinjwa na jirani wanaitwa. Niliandika katika raporti yangu kwa Pasta kwamba uamsho umefika Kashuga. Wanasema mwenye kusifiwa hasikii harufu ya moto. Mimi nilisifiwa sana.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa, mvua ya kwanza ilipokuwa imenyesha mara mbili, Papa Bahati, aliyekuwa mzee wa kanisa langu, aliniita kwake nikale. Mama Bahati aliniwekea maharage. Yalikuwa makubwa, yenye madoa, yote ya kimo kimoja, na ndani ya mchuzi mlikuwa na ladha ya mbali ya majivu. Nilikula sahani ya kwanza, nikaomba ya pili.

"Mama, haya maharagi ni tamu. Umeyatoa wapi?"

Akacheka kidogo. "Kwa kitunga, Mwalimu. Iko ya mwisho."

Nikainua macho. Katika nyumba za kwetu kitunga, kikapu cha mbegu, kinaning'inia juu ya moto, na mbegu zimechanganywa na majivu ili wadudu wasile. Mwanamke huzichagua moja moja wakati wa mavuno. Mtoto akilia njaa, kitunga hakiguswi. Mgeni akija, hakiguswi. Kile cha Mama Bahati kilikuwa kimeteremshwa, kimepinduliwa kitupu kando ya ukuta.

"Mmekula mbegu," nikasema.

"Sasa tupande juu ya nini, na nani atavuna?" Papa Bahati akajibu, kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwalimu somo lake. "Ulisema tuhesabu. Tulihesabu. Hata kwa majirani njo vile."

Kijiko kilikuwa bado mkononi mwangu. Niliogopa, na haikuwa hofu ya joka. Nilitoka nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiangalia juu ya moto, na karibu kila mahali ilikuwa kamba tupu.

Nikaenda Masisi kwa miguu. Ningeweza kutuma barua, ila barua ingenisaidia kuficha uso. Pasta alinisikiliza akiwa amefumba macho kama kawaida yake. Nilimweleza yote, nikamalizia na utetezi wangu: kwamba sikutaja mwisho, nilisema tu wahesabu.

"Wewe njo mubaya kuliko yule anayetaja siku," akasema. "Yule akikosa, batu wanamujua. Wewe uliwapa kamba, ukawaachia wajifunge wenyewe, ili usikutwe nayo kwa mukono."

Nikasema kwamba nitaandika kuacha kazi.

"Ukiacha, nani atawaambia? Miye? Siyo miye niliwadanganya. Neno uliharibu mbele ya batu, utalitengeneza mbele ya batu. Na usingoje Yenga, mvua haingoje."

Yenga ni Jumapili. Nilirudi Kashuga siku ya soko, nikasimama palepale penye watu, mihogo huku na mafuta ya mawese kule, nikasema nimekosea. Nilitaka kueleza marejeo, nikaona uso wa Mama Bahati, nikaacha. Nikasema: "Sikujua maana ya ile miezi, nikajifanya najua. Pandeni. Mvua ni ya kupandia."

Wengine walitikisa vichwa wakasema mwalimu amejaribiwa na shetani. Wengine wakauliza: wapande nini?

Jibu lilitoka kwa mjane mmoja, Mama Riziki, aliyekaa juu kabisa ya kilima. Kitunga chake kilikuwa kimejaa.

"Mama, wewe hukusadiki nilichohubiri?"

"Nilisadiki sana, Mwalimu. Lakini ile mbegu haiko yangu. Mama mukwe alinipa siku nilioleka. Kuipika lazima nimuombe ruhusa, na yeye alishakufa. Ningemuomba wapi?"

Niliangua kicheko pale pale mlimani, machozi yakinitoka. Marejeo yangu yote yalishindwa na adabu ya mke kwa mama mkwe wake. Mama Riziki aligawa kwa kikombe, kila nyumba kidogo, na kwa kila mwanamke alisema ni mkopo wa marehemu, asithubutu kuupika. Vijiji vya jirani vilituongezea. Tulipanda tukiwa tumechelewa, kwenye sehemu ndogo tu ya mashamba, na mimi nililima kila siku pamoja nao mpaka mikono ikafanya sugu. Mwezi wa kumi ukaja, ukapita. Hakuna aliyenicheka, na nilitamani wanicheke.

Adhabu ya Pasta ilikuwa hii: nisihamishwe Kashuga kabla ya mavuno mawili, na muda huo nisihubiri kitu chochote kutoka Ufunuo wala Danieli. Alinipa kitabu cha Ruthu, wanawake wenye njaa wanaookota masuke. Nilikihubiri mpaka watoto wakakijua kwa moyo.

Miaka ya hamsini nilipelekwa Walikale, kwanza Hombo, kwenye barabara kuu, halafu Mubi, upande wa migodi. Huko nilikuwa fundi kweli, na nasema hivyo kwa sababu kazi ilishuhudia. Wafanyakazi wa mgodi walikuwa na hofu ya buku, yaani kijitabu cha kazi. Kila mmoja ameandikwa ndani kwa namba, na bila buku huwezi kupata kazi wala kupita barabarani. Wakasema ndiyo chapa ya mnyama. Vijana watatu walikuwa tayari kuzitupa mtoni na kuingia msituni na wake zao. Zamani ningewafungulia sura ya kumi na tatu nikawaachia wahesabu. Safari hii niliwaketisha tukasoma barua yote tangu mwanzo, siku nne mfululizo baada ya kazi, na kila walipotaja mnyama niliwauliza, "Waliosoma kwanza walikuwa na buku ya mgodi?" Siku ya nne mmoja wao, mtu wa maneno machache, akasema, "Kumbe chapa iko juu ya nani unamuabudu, haiko juu ya karatasi." Nikamwambia endelea wewe kufundisha, mimi nimechoka. Buku zilibaki mifukoni. Baadaye mkubwa wa wainjilisti wa Walikale alinipa wanafunzi wote wapya niwafundishe ufasiri, na katika miaka yangu yote hakuna kanisa hata moja chini yangu lililoacha kupanda.

Sasa nimestaafu. Vijana huja na magazeti na habari za vita wakiniuliza, "Mzee, tuko sura ya ngapi?" Ninawapa marejeo, wanaondoka wameridhika nusu. Wanadhani nimezeeka na kuwa mwoga. Si woga. Nakijua kitabu kile kuliko nilivyokijua ujanani, na nakipenda zaidi.

Ila kuna jambo nimeliruka, na haifai mzee aliruke. Kabla ya mavuno yale madogo kukomaa, njaa iliingia Kashuga. Mtoto wa mwisho wa Papa Bahati alipata homa ambayo watoto wengine waliipata wakapona. Yeye hakuwa na mwili wa kupigana nayo. Hakuna mtu aliyesema ni njaa. Mimi nasema ni njaa, na nasema ilitoka kinywani mwangu.

Siku ya mazishi nilidhani watamwita mwalimu mwingine. Mama Bahati alinitumia mtu niende mimi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba, akina mama wamemzunguka. Akaniambia nimsomee pale mwishoni mwa Ufunuo, mahali Mungu anapofuta machozi na kifo hakipo tena. Nilimwambia nimekatazwa kukihubiri kitabu hicho.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Sauti yangu haikuwa ile ya mwezi wa tano. Nilipomaliza akauliza:

"Na ile, Mwalimu, ni miezi ngapi?"

"Sijui, Mama."

Akasogea kidogo kwenye mkeka, akaniachia nafasi ya kuketi.