Siku Mama Mkwe Aliponiambia Nimfute

Kwetu Masii, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Ndivyo binti yangu alivyopata jina la mama mkwe, na ndivyo nilivyoaibika mbele ya ukoo mzima.

Nilikuwa nimejifunza kuandika programu kwa video za simu huku nikipukuchua mahindi, na nilijiona fundi. Ukoo una chama: mtu akilazwa au akifa, wanachama hutumiwa ujumbe wachange. Nikaomba niwatengenezee programu ya kutunza wanachama. Wakasita, mama mkwe akanitetea, wakakubali.

Siku ya kuionyesha nikamtafuta mama mkwe kwenye kompyuta. Akatokea binti yangu peke yake. Nilikuwa nimemhifadhi kila mtu kwa jina lake, kwa hiyo nilipomwandikisha mtoto, programu ilimtoa bibi ikamweka mjukuu. Katika ukoo ambao kila mzee ana wajina wake, nilikuwa nimewamaliza wazee wengi. Mwenyekiti, kaka mkubwa wa mume wangu, akasema turudi kwenye daftari, maana daftari halijawahi kumeza mtu. Wakacheka. Nilikasirika hadi masikio yakawaka.

Mama mkwe hakucheka. "Kosa moja haliachi mke," akasema. "Mpeni nafasi mpaka mkutano ujao."

Nikarudi kwenye masomo niliyoyaruka: namna ya kupanga data, ya kuitafuta, ya kufuta ya mtu mmoja bila kugusa ya jirani yake. Nilikuwa nimeyaita mambo ya watu wa chuo kikuu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Yalinishinda, nikayarudia, yakaniliza, nikayarudia tena. Sikuwa tayari kuitwa yule aliyemeza wazee. Nikaandika upya, kila mtu na nambari yake, na wenye jina moja wakakaa pamoja bila kusukumana.

Mkutanoni bibi na mjukuu wakatokea wote wawili. Mwenyekiti akauliza: mmoja akifa, hataondoka na mwenzake? Alitaka kunikomoa, lakini swali lilikuwa zuri. Nikasema nitajaribu kwa jina la kubuni.

"Hapana," mama mkwe akasema. "Nifute mimi."

Kumwandika mtu aliye hai kuwa amekufa, naye amekaa hapo na kikombe cha chai, si jambo la mchezo kwetu. Nikamwita kwa Kikamba, kama ninavyomwita aliyenizaa: "Mwaitu, siwezi."

"Sasa ulikuwa unasoma ya nini? Nifute, niko hapa naangalia."

Nikabonyeza. Jina lake likatoka. La binti yangu likabaki.

Mama mkwe akasogeza uso karibu na kioo, akalisoma jina la wajina wake. "Mtoto bado ako," akawatangazia. Kisha akanigeukia. "Haya, nirudishe upesi, kabla hawa hawajaanza kuchanga."