Pumzi ya Baba

Juzi pale Kamanga gari kuukuu lilishuka kivukoni likipiga mluzi wa tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, nikamkumbuka baba.

Gari letu lilikaa muda mrefu chini ya turubai wakati baba amelazwa akitibiwa kifua. Aliporudi akaliwasha. Likakohoa, likatoa moshi mweusi wenye harufu ya dizeli iliyochacha, likazima. Akafungua bomba la tabo, akaweka mdomo, akapuliza kwa nguvu. Kikadondoka kiota cha nyigu, tope kavu tupu.

“Baba Neema, utajimaliza!” mama alipiga kelele.

Safari hii injini ikanguruma, ikapiga mluzi mrefu. Leo najua ni nyigu walioziba hewa. Siku ile niliamini baba ameligawia gari pumzi yake, nikamwekea sikio kifuani nisikie kama amebakiwa nayo.