Kitunguu Ndani ya Mkoba

Kwenye tramu ya kutoka mtaa wa Forest, huku Ubelgiji, mama mmoja Mkongo aliyeketi karibu nami alifungua mkoba wake nusu, akamwonyesha mwenzake kitu kilichofungwa kwa karatasi ya jikoni. Kilifanana na kitunguu, ila kilikuwa na shina refu na ua jekundu lililolegea.

“Tuliingia mu ile nyumba mwezi wa nane, jardin, bustani yake, ilikuwa na majani tu. Bon, sasa maua inatoka, yote ku mustari moja. Nani aliipanda?”

“Bwana yako?”

“Hapana! Nikachimba, nikakuta hii chini. Muntu alizika kitu kwangu, maman. Ninaipelekea pasteur wa kanisa yetu kule Matonge aiombee.”

Bibi wa Kibelgiji aliyeketi mbele yao alichungulia, akatabasamu, akasema kwa Kifaransa: “Ah, tulipu! Irudishe udongoni, madame, mwakani itatoka tena.”

Mama alifunga mkoba upesi, akamnong’oneza mwenzake: “Umeona? Anajua mpaka jina yake. Na mpaka wakati itarudia!”

Nilicheka kimoyomoyo hadi nyumbani. Chini ya dirisha langu kuna maua ya manjano yanayotokea kila Machi, na sijawahi kupanda hata moja. Miaka yote nimeyafurahia. Jioni ile nilishusha pazia.