Kanzu ya Mzee Ramazani na Maji ya Kabambare

Chekeni tu, maana hata mimi nikijikumbuka najidharau: mtu mzima, fundi wa sabuni, nimemvalisha baba wa msichana niliyemposa kanzu inayonuka, tena siku ya Maulidi.

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa Kabambare, kwa Muzungu mmoja aliyekuwa anatafuta dawa ya kutia ndani ya sabuni, kwa sababu maji ya kule yana chokaa, sabuni haitoi povu, inaganda utando mweupe unaong'ang'ania nguo, na kazi yangu ilikuwa kufua vitambaa kutwa nzima na kumwambia kipi kimetakata (kazi ambayo hata mbuzi angeiweza, lakini mimi mjini nilijiita fundi mkuu). Dawa ikapatikana. Siku moja nikamsikia akisema imetoka kwenye mafuta ya mnyama. Mnyama gani? Sikuuliza. Fundi mkuu aulize nini!

Maulidi yakakaribia, Mzee Ramazani, baba yake Zaina niliyemposa, akanipa kanzu yake niifue, na jibu la posa yangu lilikuwa baada ya Maulidi. Nikawaza, je, kama ni nguruwe? Ile sabuni ya dawa nikaiacha. Nikachukua yetu ya mawese, nikasugua, povu hakuna, nikaongeza sabuni, utando ukazidi, nikaongeza tena (miezi yote ile nilijifunza nini, mjinga mimi?), nikaipiga pasi ya makaa, nikaifukiza udi, nikampelekea huku najivuna.

Msikitini joto likapanda, mzee akatoka jasho. Udi ukapotea, ikabaki harufu ya mawese yaliyochacha. Safu nzima wakaziba pua, na alipojikuna bega, vipande vyeupe vikadondoka mkekani.

"Weye," akaniambia mbele ya watu, "hii kanzu umeifua ao umeikaanga?"

Wakacheka mpaka msomaji akapoteza mstari.

Siku ya pili Zaina akanijia na kanzu ileile, nyeupe pe, hainuki kitu. Ameifua kwa sabuni ya Muzungu.

"Iko mafuta ya ngombe," akasema. "Siku ya kwanza Muzungu alipopita kwetu nilimuuliza. Weye miezi yote ulikuwa unafanya naye nini?"

Nikauliza, "Na posa?"

"Baba anasema, mutu asiyeuliza juu ya kazi yake mwenyewe, nikiolewa naye hataniuliza hata kama nimekula."

Tangu hapo nauliza kila kitu, hata chumvi imetoka wapi, mpaka mke wangu amechoka kunijibu. Si Zaina.