Sauti Iliyokaa Kati ya Meno Mawili

Daktari wa meno pale Bawshar, Maskati, hakuzungusha maneno: ya mbele yote mawili yang'olewe. Bwana Suud akamsikiliza, akamshukuru, akamwombea na wazazi wake, kisha akatoka na asirudi. Safari ya pili alisema ana wageni. Safari ya tatu mkewe, Bi Balqis, akapiga simu mwenyewe, akachukua miadi ya Jumapili, na nyumba nzima ikaarifiwa.

Watu walidhani anaogopa sindano. Balqis akamfanyia mzaha mbele ya wajukuu: mwanamume aliyepandisha lori la maji milima yote hii, leo anamkimbia msichana mwenye koleo kama ya kutolea miba. Suud akanywa kahawa yake. Sababu alikuwa nayo, ila ilikuwa ni ile ile ambayo mkewe hajaiamini tangu walipooana.

Basi niwaambieni sababu yenyewe.

Suud alizaliwa Muyuni, kusini ya Unguja, baba yake akiuza mchele na mafuta ya taa. Dukani hakukaliki, kila akipata mwanya yuko na wasasi wa kijiji, wawindaji wa paa. Aliyemfunza ni Pandu, mtu mfupi, mwingi wa maneno nyumbani na bubu akishaingia porini maweni. Pandu hakuwa na bunduki. Akisema paa humfuati, maana atakusikia kabla hujamwona. Unamwita, aje kwa miguu yake.

Na wakati wa kumwita ni ule madume yanapogombania majike. Siku hizo kila dume ana mpaka wake na wivu wake. Chini ya jicho ana tezi, na tezi ile huisugua kwenye vijiti, mwengine akipita anuse ajue hapa pana mwenyewe. Pandu alikuwa akivunja vijiti vya dume huyu akavichomeka kwenye mpaka wa yule. Halafu anagonganisha pembe mbili, taratibu, huku anakwarua majani makavu kwa mguu, ili mwenye mpaka adhani wageni wanapigana ndani ya nyumba yake. Mwisho ndiyo sauti. Sauti ya jike, nyembamba, inaanzia puani na kutokea kwenye upenyo wa meno mawili ya mbele, mdomo wa juu umebanwa. Vijana wengi walijaribu wakaishia kutema mate. Suud ndiye aliyejaaliwa upenyo.

Mambo yakageuka, watu wakahama. Suud akafika Maskati kijana, akapata kazi ya lori la maji, akamwoa Balqis, binti wa Malindi ya Unguja, mtu wa mjini aliyemjua paa kwenye sahani tu. Kila wakikaa na wageni, Suud akisimulia jinsi paa walivyokuwa wakimjia hata akahisi pumzi zao. Na kila mara Balqis, birika la kahawa mkononi, akiwaambia wageni wamsikilize lakini wasimwamini, kwani huyu hata paka wa nyumbani akimwita haji. Siku moja Suud alimtolea sauti ile pale pale sebuleni. Balqis akasema kiatu kipya kinalia vizuri zaidi.

Wageni walicheka, na yeye alicheka nao. Lakini miaka yote hiyo alikuwa na haja moja, Balqis amwone mnyama akija. Sasa Jumapili meno yanatoka, na sauti inatoka nayo.

Alhamisi akamshika mjukuu wake Shatha, mwenye gari linaloweza mawe, awapeleke yeye na Balqis nyikani akamwite swala kwa pembe na sauti. Shatha akahofu: swala wa hapa wanalindwa, mtu akikutwa nyikani na pembe ataeleza nini? Suud akamwambia hachukui hata kisu cha kumenyea tunda. Anataka swala aje, aonekane, aende zake. Ni kweli Oman hakuna paa wa Muyuni, lakini katika miaka ya lori aliwaona swala wa njia ya Quriyat wakisugua vichaka na kurejea pale pale kutia samadi yao. Dume ni dume, akasema. Shatha akakubali, ila aite kidogo tu, wasimsumbue mnyama wa watu.

Ijumaa alfajiri wakaondoka watatu. Balqis alifurahi, maana siku nyingi hajatolewa matembezi. Akafanya ambalo kila mke wa hapa angefanya: akatia udi kwenye chetezo, akafukiza kanzu ya bwana, akakichovya attari kile kishada cha kanzu kinachoning'inia shingoni, akafukiza na baibui lake. Suud hakusikia harufu yoyote. Harufu ile ameishi nayo miaka hamsini. Kwake ni hewa.

Wakakaa nyuma ya mgunga mmoja. Suud akachukua udongo na vijiti vya dume mmoja, akavipeleka penye samadi ya mwengine. Akagonga pembe za mbuzi wa Idi. Akaita. Na kweli, dume akainuka kutoka bondeni, shingo mbele, amekasirika. Balqis alikuwa anahangaika na kifuniko cha chupa ya kahawa. Upepo ukageuka. Alipoinua macho aliona vumbi.

"Mbuzi wa watu huyo," akasema.

Suud akakusanya pembe zake. Wakashika njia ya kurudi, na Shatha, kwa kutaka kuwachangamsha, akasema gari linanukia kama chumba cha biharusi. Suud akainusa mikono ya kanzu yake. Akafumba macho.

"Ni udi," akasema. "Amesikia udi."

"Udi nimetia mimi," akasema Balqis.

"Si kitu, Balqis."

"Kwa hivyo kulikuwa na mnyama kweli?"

Suud akageuza uso, akatazama nje. Hapo ndipo Balqis alipoacha kufanya mzaha.

Jioni ile alilitoa sandukuni shuka moja la zamani na kanzu iliyochakaa, akazifua kwa maji matupu, bila ya sabuni, akazianika juu ya paa la nyumba. Akafua na dira lake. Jumamosi, kabla ya jua, alisimama mlangoni akimnusa mjukuu kama askari wa forodha, akamrudisha akanawe shingo. Yeye mwenyewe, ambaye tangu siku ya harusi hajatoka nyumbani bila ya kunukia, akajihisi yuko uchi.

Safari hii Suud aliutafuta upepo kwanza, wakakaa ukiwapiga usoni. Shatha akabaki garini, mbali. Suud akagonga pembe, akakwarua mchanga kwa unyayo. Akabana mdomo. Sauti ya kwanza ilikatika, kwani jino moja lilikuwa limeshalegea. Akalishika kwa kidole, akaita tena, na ile ikatoka nzima.

Swala hakuja mbio. Alikuja hatua, akasimama, akasugua shavu kwenye kichaka, akaja tena. Alifika mahali ambapo waliweza kuona ubavu wake ukipanda na kushuka. Balqis alikuwa ameushika mkono wa mumewe, na kucha zake zilikuwa zinamwingia.

"Sasa unamfanya nini?" akanong'ona.

"Simfanyi kitu. Nlitaka umwone tu."

Balqis akamtazama yule dume, akamtazama mumewe ameshikilia jino lake.

"Nimemwona," akasema. "Wallahi nimemwona, Suud."

Swala akawasikia. Aligeuka bila ya haraka, akashuka bondeni alikotoka. Wao wakabaki pale wamekaa, maana magoti yalikuwa yameshakufa ganzi, na hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kumwita Shatha aje kuwainua.