Pindo Nisilolifumua

Jumamosi ile nilikuwa mlangoni kwangu, Umoja, nashona sare za kwaya, huku jirani yangu Mama Reuben akianika nguo. Mimi nina kisirani, nakiri, na utulivu wa yule mama uliniudhi. Mumewe alikuwa amemtoroka mwaka wa tatu sasa, na bado kitambaa chake cha kichwa hakikukosa pasi hata siku moja.

"Reuben anakuja kesho kula," akaniambia.

Reuben, mwanawe wa pekee, alikuwa mwanajeshi wa angani.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kufikia jioni ikasema waasi wameshindwa. Risasi zilikuwa bado zinalia. Mimi nilikaa, nikasimama, nikaenda kufunga mlango niliokuwa nimekwisha kuufunga. Nikichungulia dirishani, Mama Reuben anafagia ua. Nikasema moyoni, huyu ana roho ya jiwe.

Jumatatu asubuhi akabisha.

"Mama Njeri, umeamkaje? Naomba suruali ya mwanamume, yoyote ile."

"Ya nini?"

"Reuben yuko kwangu. Alikuja na sare ya jeshi, nimeichoma."

Sauti ilikuwa ileile ya kuomba chumvi. Lakini mkono mmoja ulikuwa umeukamata mwingine kwa nguvu. Kweli kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilijionea haya.

Nilichukua suruali ya mteja mmoja mfupi. Reuben alikuwa mrefu, nilimjua tangu akiwa shuleni. Pindo lilikuwa na kitambaa cha kutosha. Kulifumua na kulipiga pasi ni kazi ya dakika kumi. Lakini wanajeshi walikuwa wameshafika nyumba za nyuma, wakipekua. Nilitaka mama yule aondoke mlangoni pangu. Nikampa hivyohivyo, nikafunga.

Walikuja watatu.

Wakawatoa wanaume wote, wakawapanga ukutani.

Mmoja akapita akitazama miguu tu. Alijua anachotafuta: buti za jeshi humaliza nywele za muundi.

Suruali ya Reuben iliishia shubiri nzima juu ya kifundo.

"Wewe. Toka."

Mama Reuben hakupiga kelele. "Nenda na Mungu, baba," akamwambia mwanawe, akabaki amesimama wima hadi lori likapinda kona.

Reuben alifungwa. Mwaka wa pili aliugua, akafia gerezani.

Pengine wangemtambua kwa njia nyingine. Pengine wangeamuru kila mtu apandishe suruali. Nimejiambia hayo miaka yote hii, na sijawahi kuyaamini. Mimi ni fundi. Sijampa mtu mwingine yeyote nguo bila kumpima.

Mama Reuben hajui. Kila akina mama wa kanisa wanapokutana kutoa ushuhuda, yeye husimama, kitambaa kimenyooka, akanishika mkono mbele ya wote. "Siku ile nilibisha milango minne," husema. "Ni huyu peke yake aliyenifungulia."

Nami hutabasamu, nikasema ni Mungu, na wote huitikia amina.