Mkeka wa Sakafu ya Ndege

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Mimi shule niliishia darasa la pili, sitawapambia maneno. Nataka mjue ndege ya babu yenu ilivyotandikwa chini, kwa sababu kila mtu hapa Lushoto anaisimulia anavyotaka, na wengi wao hawakuwepo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Babu yenu alikuwa seremala. Jirani yetu, Mzungu mmoja fundi mitambo, alikuwa anaunda ndege ndogo ya mbao kwenye banda nyuma ya nyumba yake, na babu yenu ndiye aliyemfanyia kazi yote ya mbao. Kwa ujira aliomba kiti cha pili siku ya kuirusha. Mimi nilikuwa na watoto wadogo, na mwingine tumboni. Sikuulizwa.

Balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza kama ndege ni ya kijiji au ya mtu binafsi. Akaambiwa haijaruka bado. Akasema basi atasubiri, ikiruka itajulikana.

Ikabaki sakafu. Mzungu akasema, "Fundi, chagua wewe. Kitu chepesi, kisichoteleza, kisichojikunja chini ya pedeli. Kikijikunja tunaanguka." Babu yenu akaniletea maneno hayo nyumbani kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Zulia alilikataa, linakunywa mafuta. Ngozi ya mbuzi ilinyonyoka manyoya. Ule mpira wa sakafu za maofisini ulikuwa mzito, na madukani haukuwepo. Wakati ule hata sabuni tuliitafuta. Ndipo akaenda gulioni Mlola, akarudi na mkeka mpya wa ukindu, mweupe, hauna rangi hata kidogo. Alisema rangi nayo ina uzito. Kwapani alibeba bafta, kitambaa cheupe cha kuwambia bawa. Njiani alikuwa anawaza vipimo, hata shikamoo za watoto hakuziitikia.

Sasa fikirini. Mwanamume, mkeka mweupe begani, bafta kwapani kama sanda, hasemi na mtu. Na mke wake siku hiyo hakuonekana gulioni.

Walinikuta shambani napalilia maharage. Wa kwanza alikuwa jirani yangu, kajifunga kanga kiunoni, analia. Aliponiona alinyamaza, akanitazama miguu.

"We mama, si umekufa?"

"Nife saa ngapi, na palizi sijamaliza?"

Nyuma yake walikuja watu na kuni, unga na sufuria za kuazima. Nilipofika nyumbani, babu yenu alikuwa ameuacha mkeka na kwenda zake bandani kwa Mzungu, na mzee mmoja alikwisha kuanza kunisomea Yasini. Mtani wetu Mnyamwezi, aliyebaki huku tangu kazi za mkonge, alikuwa ameutandaza ule mkeka uani na kulala juu yake, kama watani wafanyavyo msibani.

"Hazikwi mtu hapa mpaka nipewe jogoo!"

"Marehemu huyo hapo, ameshika jembe," wakamwambia.

"Basi anipe mwenyewe."

Jogoo akatoka. Unga wa msiba haurudishwi, kwa hiyo tukapika. Watu wakala msiba wangu, na mimi nikala. Balozi akasema chakula kilikuwa kizuri, Mungu anirehemu.

Walipoondoka nikamwambia babu yenu, "Baba watoto, mkeka huo umeshasomewa. Hauingii kwenye ndege."

"Mama, ndio mwepesi kuliko vyote."

"Mwepesi, ndiyo. Ukianguka watakurudisha nyumbani ndani ya huohuo, hatutahangaika kununua mwingine. Mimi sitaki wepesi wa namna hiyo. Nina watoto."

Hakucheka. Na mimi sikuwa natania. Alikaa akikuna goti, kisha akauliza, "Sasa nitandike nini?"

"Tandika kitu ambacho hakijawahi kutafuta maiti."

Akazunguka nyumba nzima. Mwisho akasimama mbele ya gunia langu la viazi, gunia la mkonge, akalipapasa, akavimwaga viazi vyangu chini bila kuuliza. Alilikata, akalibandika kwa gundi ya mbao mpaka kwenye kona. Likashika kama kupe.

Waliirushia bondeni Mnazi, kwenye tambarare. Nilikwenda na tumbo langu. Ndege ikakimbia, ikainuka, ikapita juu ya mikonge, ikazunguka, ikatua. Balozi akatangaza kwamba sasa inaonekana ni ya kijiji. Babu yenu alishuka uso umekuwa wa majivu.

"Umeona nini huko juu?" nikamuuliza.

"Sijaona kitu. Nilikuwa naangalia gunia."

"Limesogea?"

"Halijasogea."

Nikamwambia basi twende nyumbani, viazi bado viko chini.

Mkeka nikauweka darini, na uko huko hadi leo. Jioni ile niliwaita wote wa nyumba yangu, babu yenu akiwemo, nikawaambia: kuanzia leo, atakayepita njiani na mkeka ataitikia salamu ya kila mtu, mkubwa kwa mdogo, na kabla hajaulizwa atasema, "Kwetu wazima, hatujafiwa."